Binti yangu ameacha kugombania nambari moja. Nimkataze kwenda Obunga?

Swali: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu hapa Migosi, Kisumu. Binti yangu wa kwanza yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Tangu darasa la nne amekuwa akiongoza, na akishika nambari mbili alikuwa analia hadi chakula kinapoa. Januari alianza kwenda Obunga, mtaa wa mabanda hapa Kisumu, kila Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa, kuwafundisha watoto wasiojua kusoma. Mwisho wa muhula wa kwanza akawa nambari tano. Hakulia. Mwezi uliopita akakosa mashindano ya mdahalo ya kaunti kwa sababu yaliangukia Jumamosi. Nilipomuuliza akasema, "Mama, kushinda hakumsaidii mtu." Mzee wangu anasema mtoto amepoteza makali, na anataka tumlipie tuisheni Jumamosi ili asipate nafasi ya kwenda huko. Mdogo wake aliye gredi ya 10 ana somo la huduma kwa jamii, na yeye analifanya kwa sababu ya alama tu. Huyu mkubwa nimkataze? Na nisipomkataza, nimwambie nini baba yake?

Jibu: Mama, usimkataze. Na tafadhali usimshangilie pia. Hilo la pili litakushinda kuliko la kwanza, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu huko mbele.

Tuanze na hiyo nambari tano. Chukua karatasi ya matokeo ya muhula wa kwanza, uilaze kando ya ile ya mwisho wa mwaka jana, usome alama na uache nafasi. Mtoto anaweza kubaki na alama zile zile akashuka nafasi nne kwa sababu wenzake wameamka. Na kidato cha tatu ndipo wengi huamka, wakishachagua masomo yao na kuyaacha yale yaliyokuwa yakiwavuta chini. Nimeona wazazi wakichapa watoto kwa "kuanguka" ambako hakukuwapo. Lakini ukikuta hesabu na kemia zimeteremka kweli, basi hapo pana tatizo la ratiba, na ratiba hupangwa upya watu wakikaa mezani dakika kumi. Nisingeita hilo kupotea.

Mzee wako ana hoja, ila ni nusu ya hoja. Wakati wa kugawa nafasi za vyuo vikuu, KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi hizo, hutazama gredi za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na pointi za kundi la masomo ambayo kozi yenyewe inadai. Hakuna mahali mtoto anaulizwa kama alitangulia darasani au alifuata. Vile vile hakuna mahali anaulizwa alifundisha watoto wangapi Obunga. Kwa hiyo huduma haitamletea pointi hata moja, na hilo binti ajue waziwazi, asije akadhani wema hulipwa udaktari. Yeye ni wa kundi la mwisho kabisa la 8-4-4, mfumo wa elimu wa zamani: ndio waliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho mwaka 2023, na watafunga kazi na KCSE ya 2027. Vitabu vyake vinahitaji saa zake. Nakubaliana na baba yake hadi hapo.

Pale tunapoachana ni kwenye neno "makali".

Nimekaa kwenye ofisi ya ushauri nasaha miaka mingi kiasi cha kuwafahamu watoto wa aina ya bintiyo. Mtoto anayelia kwa kushika nambari mbili halilii zile alama mbili zilizompita. Anaogopa kwamba asipokuwa wa kwanza hajui yeye ni nani tena hapo nyumbani. Mgeni akiingia anatambulishwa, "huyu ndiye nambari moja wetu," na mdogo wake anatambulishwa kwa jina. Sisemi mmefanya vibaya, kwa sababu kila nyumba Kisumu hii yenye mtoto mwerevu hufanya hivyo, na nia ni njema. Ila mtoto huchukua lile jina la cheo na kuanza kulilinda usiku na mchana. Halafu siku moja anaingia ukumbi wa mabati Obunga, mahali ambapo hakuna anayejua cheo chake wala anayekitaka. Watoto wanataka kujua tu kama Jumamosi ijayo atakuja tena. Ukitafakari hilo utaelewa kwa nini hakulia.

Sasa tazama kazi yenyewe, maana nadhani mzee anafikiri anakwenda kucheza na watoto. Mtoto wa miaka tisa ameketi kwenye fomu ndefu, daftari limekunjika kona, kidole kiko chini ya neno "samaki". Nyumbani anasema Dholuo. Kiswahili anakisikia dukani na shuleni. Anasema "sa". Ananyamaza. Anasema "sama". Ananyamaza tena, na macho yanaanza kuhama kutoka kwenye daftari kwenda usoni pa mwalimu, kutafuta jibu huko. Hapo ndipo mwanafunzi anayeongoza darasa hushindwa. Amezoea kwamba anayejua husema, na anayesema haraka hupata alama. Mdomo wake unatoa "ki" wenyewe. Mtoto anarudia "samaki" kwa furaha, wote wawili wanacheka, na hakuna kilichosomwa. Mtoto amesoma uso, neno bado liko palepale.

Kujifunza kunyamaza pale, kuhesabu kimya kimya huku mtoto akihangaika na silabi yake ya mwisho, huwachukua wiki kadhaa. Wengine hawajifunzi kamwe, na nimewaona wakiacha wakisema watoto wale "hawashiki". Binti yako ameenda tangu Januari bila kulazimishwa na bado anaenda. Huko ndiko makali yake yalikohamia, mama. Mtu aliyepoteza makali angekuwa amelala Jumamosi asubuhi, au yuko kwenye simu.

Hata hivyo, ile kauli yake kwamba kushinda hakumsaidii mtu si kweli, na nisingeiacha ipite. Vijana wakigeuka hugeuka mzima mzima. Jana kushinda kulikuwa kila kitu, leo ni dhambi. Mweleze habari ya shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko, kule kijiji cha Pwani, Njoro, kaunti ya Nakuru. Shule hiyo ilikuwa na kompyuta moja tu ya mezani, na wanafunzi wengi mno kwa kila mwalimu. Mwalimu wao wa hesabu na fizikia, Mtawa Peter Tabichi, wa shirika la Wafransisko, alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wenye shida. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakakipeleka kwenye mashindano ya kitaifa ya sayansi na uhandisi, na shule ikaongoza kati ya shule za umma. Timu ya shule hiyo ikafuzu pia kwenda mashindano ya kimataifa ya sayansi Arizona, Marekani, mwaka 2019. Mwaka huohuo Tabichi mwenyewe akatunukiwa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani huko Dubai, dola milioni moja.

Nakutajia Keriko kwa sababu moja. Wale vijana walishindana, na walishindana vikali. Lakini swali lao la kwanza lilikuwa jirani asiyeona anapimaje kitu, na kikombe kikaja baadaye. Bintiyo hana haja ya kuacha mdahalo wala kongamano la sayansi ili awe mtu mwema. Akitaka mradi wa mwakani, ule ukumbi wa Obunga umejaa maswali: kwa nini watoto wanaoketi nyuma wanakosea zaidi? Ni macho, ni mwanga, au ni kelele za mvua juu ya mabati? Hilo linapimika.

Na hapo hapo kwenye mdahalo, nina neno gumu kwake. Kukosa mashindano si kosa. Kukosa bila kutafuta wa kushika nafasi yake ni kosa, kama ndivyo ilivyokuwa, na barua yako haisemi. Wenzake wa timu walijiandaa, wakapanda gari asubuhi, wakafika na kiti kitupu. Wale nao ni watu. Si haki kuwa mkarimu kwa watoto wa Obunga kwa gharama ya wasichana wa darasani kwako, kisha ukaliita tendo hilo huduma. Nimeliona hili kwa wengi wanaotoka kwenye ushindani: wanapata sababu nzuri ya kuwadharau wale waliobaki wakishindana. Mwulize kwa upole nani alisimama badala yake, na kama ameshamwomba msamaha. Jibu lake litakuonyesha mengi kuliko ile nambari tano.

Nirudi kwenye kushangilia. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake wawili walichapisha utafiti walioufanya katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi bila kuambiwa na mtu. Kundi moja liliahidiwa kwamba likichora litapata cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. La pili halikuahidiwa chochote, ila baada ya kuchora likapewa cheti hicho hicho. La tatu halikupata kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa tena mezani, bila ahadi. Wale walioahidiwa walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa ghafla hawakupungukiwa na hamu hata kidogo. Kilichoharibu hamu ni ahadi iliyotangulia: mtoto alikuwa ameshaanza kuchora kwa ajili ya cheti.

Sasa fikiria nyumbani kwako. Ukianza kuweka picha zake na watoto wa Obunga kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mashangazi wakaandika "hongera, Mama Teresa wetu," umempa kombe jipya. Atalilinda vile vile alivyolilinda lile la nambari moja. Atachagua Jumamosi zenye watu wa kupiga picha, na yule mtoto wa "samaki" atakuwa mgongoni mwa kamera. Jiji letu lina huduma nyingi za namna hiyo. Mabango, fulana zinazofanana, glavu mpya, mtaro wa Nyalenda unazolewa saa tatu asubuhi, hotuba saa tano, na kufikia Jumanne mtaro umejaa kama zamani kwa sababu hakuna aliyeuliza taka hizo zinatoka wapi na gari la kuzizoa hupita lini. Sijui kama watu wa mtaani hapo hucheka au hukasirika. Mimi hukasirika.

Badala ya kumsifu, mwulize habari. Yule aliyekuwa anakwama kwenye "samaki" amefika wapi? Nani hakuja wiki hii, na kwa nini? Maswali ya aina hiyo yanamwonyesha kwamba unaijali kazi yenyewe, na cheo chake kinabaki nje ya mazungumzo. Fanya hivyo hivyo na yule wa gredi ya 10. Kufanya huduma kwa sababu ya alama si mwanzo mbaya. Somo ni la lazima, mtoto ana miaka michache, na mwalimu anataka ripoti. Usimlinganishe na dada yake hata kwa utani. Mwulize alikutana na nani, inatosha.

Kama binti anahitaji mpango wenye mfumo, na watoto wa aina yake huhitaji, mwelekeze kwa Tuzo ya Rais, ile ambayo ipo nchini tangu 1966 na inafuata mfano wa Tuzo ya Duke of Edinburgh ya Uingereza. Shule nyingi zina mwalimu anayeisimamia. Utaniuliza: si nimetoka kusema vyeti huharibu? Naipendekeza kwa sababu ndani yake hakuna wa kwanza wala wa pili. Kila mmoja anaandika lengo lake mwenyewe katika huduma, ujuzi, mazoezi ya mwili na safari ya nyikani, kisha anapimwa kwa jambo moja tu, kama ameendelea. Ngazi ni shaba, fedha na dhahabu. Akiingia moja kwa moja ngazi ya fedha atahitaji angalau miezi 12, huku akitenga kama saa moja kwa wiki kwa kila sehemu, na safari ya siku 3 na usiku 2. Hakuna anayemshinda mwenzake. Mwanzoni hilo huwachanganya sana wanafunzi wanaoongoza, mmoja aliwahi kuniuliza kwa uzito kabisa, "Sasa nitajuaje kama nimefanya vizuri?"

Kwa baba yake, usiende na hotuba. Nenda na ratiba. Jumamosi ina saa nyingi: Obunga saa tatu hadi saa tano asubuhi, arudi ale, kisha alasiri yote iwe ya hesabu na kemia, kwa tuisheni kama mna pesa au na wenzake wawili kama hamna. Mwambie mtakaa chini tena mwisho wa muhula wa pili na karatasi ya alama mkononi. Alama za masomo anayoyahitaji zikishuka, zamu ya Obunga itakuwa mara mbili kwa mwezi hadi zipande. Mwanaume akipewa tarehe na kipimo hutulia. Akiambiwa "mwache mtoto aufuate moyo wake" hupandisha sauti. Akitaka ushahidi kwamba kujitolea hakumwumizi mtoto, upo utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la JAMA Pediatrics, wa vijana 106 wa shule ya upili magharibi mwa Kanada. Nusu yao walisaidia watoto wa shule ya msingi kwa wiki 10, saa moja hadi moja na nusu kila wiki. Kolesteroli yao na viashiria vya uvimbe kwenye damu vilikuwa chini kuliko vya wale waliokuwa bado wanasubiri zamu yao, na walionufaika zaidi ni wale ambao huruma yao iliongezeka zaidi. Ni utafiti mmoja, mdogo, wa mbali. Lakini kwa mtu anayesema kujitolea kunamchosha mtoto, unamfanya anyamaze kidogo.

Kuna jambo hukuuliza, nami siwezi kuliruka. Binti hajafika miaka 18, na kwa Sheria ya Watoto ya 2022 yeye mwenyewe bado ni mtoto. Nenda mwenyewe Obunga mara moja bila kutangaza. Kuna mtu mzima anayejulikana ukumbini muda wote? Milango iko wazi? Anatembea na nani kutoka barabara ya lami hadi kanisani, na anarudi jua likiwa wapi? Wazazi wa wale watoto wanamjua kwa jina? Ukipata jibu baya kwa lolote kati ya hayo, usimfungie nyumbani. Ongea na viongozi wa kanisa walirekebishe, au mhamishie kazi hiyo maktaba ya kitaifa hapa mjini.

Mwisho, mwakani. Kidato cha nne hatakuwa na Jumamosi, hilo mkubaliane leo. Maana yake lazima mtu mwingine aushike ule ukumbi, na ni kazi ya bintiyo kumpata. Ukimwambia hivyo atakujibu kwamba hakuna anayeweza kama yeye, na atakuwa anaamini kabisa. Usibishane naye. Mwambie amtafute mtu mvumilivu. Kama ni nambari thelathini darasani haidhuru. Waende pamoja likizo ya Agosti, na muhula wote wa tatu yule mwenzake ndiye afundishe, yeye akae nyuma kwenye fomu bila kusema neno. Kufikia Januari ufunguo wa ukumbi uwe mkononi mwa huyo mwingine.